Fremu Zenu, Luku ya Mama

Nina ugomvi na sentensi moja: "Kama una laki tatu na ushee chukua RX 580, achana na hiyo takataka ya 1650." Nimeisikia Kariakoo kwa wauzaji. Nimeisikia chuoni kwa wenzangu. Nimeisikia YouTube kwa watu wanaorekodi video kwenye vyumba vyenye taa za rangi tatu na umeme usiokatika. Na mimi mwenyewe niliisema kwa kujiamini mbele ya mdogo wangu, Februari 2024. Naandika haya ili niifute.

Kwa asiyecheza gemu nieleze kwa kifupi. Kadi ya grafiki ni kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta, kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye kioo. Kadi ikiwa na nguvu, picha zinapita nyingi kwa sekunde na gemu linateleza. Ikiwa dhaifu, unapigwa risasi kabla hujamwona aliyekupiga. Picha hizo tunaziita fremu, na vijana wa gemu tunagombana kuhusu fremu kama wazee wanavyogombana kuhusu Simba na Yanga.

Kadi mbili zilizokuwa kwenye uwezo wangu ni hizo mbili za kwenye sentensi. RX 580 ya AMD ilitoka Aprili 2017. Ina gigabaiti 8 za kumbukumbu na inakula wati 185. GTX 1650 ya NVIDIA ilitoka Aprili 2019. Ina gigabaiti 4 na inakula wati 75 tu, kiasi kwamba nyingi hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Unachomeka kwenye ubao wa kompyuta na kazi imeisha. Kwa fremu, RX 580 inaishinda 1650 waziwazi kwenye magemu mengi. Hilo silipingi na sitalipinga popote kwenye makala haya. Ninachopinga ni kwamba mjadala unaishia hapo.

Kompyuta yetu ni Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara, toleo la 2013. Ilifanya kazi ofisini Ulaya kabla ya kuteremka bandarini kwetu kama mtumba. Nasema "yetu" kwa makusudi. Niliinunua mimi, lakini ipo sebuleni nyumbani kwa mama, Kimara, upande wa Kilungule. Mchana na usiku wa manane anaitumia mdogo wangu wa kike, anayejifunza kutengeneza katuni kwa programu ya Blender. Alikuwa mtoto wakati Ubongo Kids inaanza kurushwa mwaka 2014. Alipojua kwamba zile katuni zinatengenezwa hapahapa Dar es Salaam, na si Marekani kama alivyodhani, akaamua kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Mimi naikamata jioni, nikitoka kazini.

Basi Jumamosi moja nikapanda mwendokasi Kimara Mwisho mpaka Gerezani, nikaingia Kariakoo na pesa mfukoni. Duka la kwanza walikuwa na 1650 kwa 390,000. Duka la pili, ghorofani, walikuwa na RX 580 kwa 320,000. "Bosi, hii mali safi, imetoka Dubai, haijachimba," muuzaji akaniambia. Aliichomeka kwenye kompyuta yake, picha ikatokea, akawasha gemu kwa dakika moja, akazima. Nikalipa. Kwenye risiti kulikuwa na maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: mali ikishauzwa hairudishwi.

Neno la kulisimamia hapo ni "haijachimba". RX 580 ni kadi iliyopendwa sana na wachimbaji wa sarafu ya Ethereum. Walizipanga kadi sita au nane kwenye fremu ya chuma na kuziacha zikifanya kazi usiku na mchana, miezi kwa miezi. Tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum ilibadilisha mfumo wake, na uchimbaji wa kadi ukafa siku hiyohiyo. Lundo la kadi likabaki halina kazi, na lundo lisilo na kazi huko kwao huwa linatafuta njia ya kuja huku kwetu, kama magari, kama friji, kama nguo.

Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Lakini ina historia, na historia hiyo ina dalili. Feni zimechoka. Kumbukumbu zimeshinda kwenye joto. Na mara nyingi programu ndogo iliyo ndani ya kadi, ile inayoiambia iende kasi gani na itumie umeme kiasi gani, imebadilishwa: ubongo umepunguzwa mwendo ili usile umeme, kumbukumbu imekazwa mpaka mwisho ili ichimbe zaidi. Ukiipa gemu kadi ya hivyo, inaweza kwenda vizuri kwa dakika ishirini halafu kioo kikawa cheusi. Dakika moja ya dukani haikuonyeshi hilo.

Yangu ilikuwa na jambo la pili. Nilipofika nyumbani nikafungua programu ya GPU-Z, inayosoma undani wa kadi. RX 580 kamili ina vitengo 2304 vya kuchakata. Yangu ilisoma 2048. Hilo si kosa la programu. Oktoba 2018 AMD yenyewe ilitoa kwenye soko la China kadi iitwayo RX 580 2048SP, ambayo kwa undani ni RX 570 iliyopewa jina la dada yake mkubwa. Kwenye boksi, ukiwa na boksi, inaandikwa. Kwenye meza ya Kariakoo hakuna boksi.

Kabla hata ya hapo nilikuwa nimeshatoa pesa nyingine. Pawa saplai ya 9020 ni ya wati 290 na haina waya wa kulisha kadi kubwa. Plagi yake kuu nayo si ile ya kawaida ya pini 24. Dell waliweka ya pini 8. Kwa hiyo nikanunua pawa saplai kubwa iliyotumika, 85,000, na adapta ya kuunganisha, 15,000. Fanya hesabu: 320,000 na 85,000 na 15,000 ni 420,000. Kadi ya bei nafuu ilikuwa imeshaipita kwa 30,000 ile ya bei ghali, na bado sijaiwasha.

Sasa tuje kwenye luku.

Nyumba yetu ipo kwenye bei ya matumizi madogo. Kwenye kundi hili, uniti inauzwa shilingi 100, ukiweka kodi na tozo inafika 122, ilimradi usivuke uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, na kodi inakuwa 427. Ukizoea kuvuka, unahamishwa kwenda kundi la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni 292, na kodi ni kama 356. Mama anazijua namba hizi kuliko mtu yeyote nyumbani, ingawa hajawahi kuziandika. Anajua kwamba elfu moja ni uniti nane na kidogo, anajua friji linakula kiasi gani, na anajua kuchomoa chaja ya mtu aliyeondoka.

Bila kompyuta, nyumba ilikuwa inakula kama uniti 52 kwa mwezi. Nilisoma mita mwenyewe. Kompyuta ikiwa na 1650 inavuta kama wati 150 ikiwa kazini. Ukiitumia saa nne kwa siku, siku 30, ni uniti 18. Jumla 70. Tupo ndani. Kompyuta hiyohiyo ikiwa na RX 580 inavuta kama wati 260. Saa zilezile nne ni uniti 31. Jumla 83. Tumetoka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 26 Machi mama alinunua umeme wa elfu tano. Alizoea kupata uniti kama 41. Alipata 11 na ushee. Akaniita sebuleni, simu mkononi. "Baba, hebu nisomee huu ujumbe. Macho yangu au luku imekosea?" Nikausoma. Luku haikukosea. Nikamwambia ni kompyuta, kadi mpya inakula zaidi. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Hiyo kadi inamsaidia mdogo wako kwenye katuni zake?"

Haikuwa inamsaidia. Hili ndilo lililoniuma kuliko pesa.

Katuni ikishachorwa kwenye Blender, kompyuta inatakiwa kuipiga picha moja moja, na kila sekunde ya katuni ni picha 24. Ukitumia prosesa pekee, kwenye mashine yetu, picha moja ya paka wake ilikuwa inachukua dakika sita. Katuni ya sekunde kumi ni picha 240, dakika 1,440, yaani siku nzima, saa 24, bila umeme kukatika. Na hiyo ilikuwa mapema 2024, wakati wa mgao, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijaanza kuingia kwenye gridi mmoja mmoja. Saa 24 mfululizo tulikuwa hatuna. Alinisikia nikisema nanunua kadi, akafurahi, akidhani itambeba na yeye.

Lakini Blender 3.0, iliyotoka Desemba 2021, iliondoa njia ambayo kadi za AMD za zamani zilikuwa zinaitumia kwa kazi hiyo kwenye injini yake ya Cycles. Njia mpya iliyowekwa haikuzihusu RX 580. Kadi ikiwa ndani ya kompyuta, Cycles inaifanya kama haipo. 1650, ile takataka, inaonekana na inafanya kazi. Siku niliyoichomeka hatimaye, picha ya yule paka ilishuka kutoka dakika sita hadi chini ya dakika moja na nusu. Siku nzima ikawa saa sita.

Katika video zote nilizotazama kabla ya kununua, na nilitazama nyingi, hakuna iliyolisema hili. Si kwamba walidanganya. Waliulizwa swali la fremu, wakajibu swali la fremu. Aliyekosea ni mimi niliyechukua jibu la mtu anayecheza peke yake chumbani kwake, nikalileta kwenye sebule yenye watu watatu.

Najua majibu yenu, maana nimeyatoa yote.

Mtasema: luku ni hela ndogo. Haya, tuhesabu. Uniti 70 kwa bei ya matumizi madogo ni 8,540. Uniti 83, ukiwa umeshahamishiwa kundi la kawaida, ni kama 29,500. Tofauti ni 21,000 kwa mwezi, laki mbili na nusu kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya nusu ya bei ya kadi, kila mwaka, na anayeilipa si wewe unayejisifu kwa fremu. Analipa mtu anayeuza vitafunwa asubuhi na kuchomoa chaja yako usiku. Mkiita hiyo hela ndogo, semeni pia ni ya nani.

Mtasema: gigabaiti 4 hazitoshi kwa magemu ya sasa. Kweli. Kuna magemu siwezi kuyacheza, na mengine nayacheza kwa picha za chini kabisa. Lakini mwishoni mwa 2022, kwenye takwimu za Steam, kadi iliyokuwa inatumiwa na wachezaji wengi kuliko zote ilikuwa hiyohiyo 1650. Dunia nzima, si Kimara tu. Mnaowacheka ndio wengi, na wanacheza.

Mtasema: ungejipa subira, ungeweka akiba mpaka ununue kubwa. Huu ndio ushauri unaonichosha kuliko yote, kwa sababu unatolewa na mtu ambaye akiba yake haijawahi kugeuka ada ya mtu, au nauli ya msiba, au tangi la maji. Mdogo wangu ana miaka ambayo ndiyo ya kujifunza. Kumwambia angoje kadi ya milioni ni kumwambia angoje.

Mtasema: ulipigwa kwa sababu hukupima. Hapa mna haki, kwa kiasi. Nilipaswa kuja na GPU-Z kwenye flashi. Nilipaswa kuiwasha FurMark na kukaa palepale nusu saa, hata kama muuzaji ananuna. Lakini sitaki hukumu yote imwangukie mnunuzi. "Haijachimba" ni kauli kuhusu bidhaa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara. Maneno ya kwenye risiti hayafuti sheria ya nchi. Tumeyasoma mara nyingi mpaka tumeyaamini kama aya. Niliporudi dukani muuzaji alinionyesha kidole kwenye maneno yale, na mimi, mtu mwenye digrii, nikanyamaza nikaondoka. Sikuwa nimeishiwa haki. Niliona aibu kwamba nimepigwa, na aibu ya mteja ndiyo waranti ya muuzaji.

Na tuseme ukweli, muuzaji si mtu wa mbali. Hilo nililijua wiki ile ile, nilipoamua kuiuza.

Nilikaa mbele ya simu kuandika tangazo. Vidole vyenyewe viliandika: "RX 580 8GB, safi, haijachimba, bei maelewano." Nilikuwa nimeshaweka na picha. Kwa bei hiyo ningerudisha 320,000 yangu, labda na zaidi, na aliyeinunua angejua wiki ya pili, kama mimi. Angekuwa kijana wa Mbezi au Tabata mwenye OptiPlex yake, na mama yake, na luku yao. Angeiona 2048, angeona aibu, angeandika tangazo. Hivyo ndivyo kadi hizi zinavyotembea mjini: uongo mmoja wa Kariakoo unapokewa na sisi wenyewe, mkono kwa mkono, kila mmoja akirudisha chake kwa kumpiga anayefuata, huku tukilalamika kwamba wauzaji hawana utu.

Nilifuta. Nikaandika kwamba ni 2048SP, kwamba imechimba, kwamba inazima gemu baada ya dakika ishirini mpaka programu yake ya ndani irudishwe ya awali, kwamba kwenye Cycles haionekani, na kwamba inahitaji pawa saplai ya wati 500. Nilikaa siku tisa bila simu. Siku ya kumi alinipigia jamaa anayekaa peke yake Ubungo, ana mita yake na mashine yake kubwa, anajua kurekebisha kadi. Alikuja na flashi yake, akapima saa nzima huku tunakunywa soda, akanipa 220,000. Ananiambia mpaka leo inamfaa sana. Nafurahi. Kwake, ile sentensi niliyoanza nayo ni ya kweli.

Nilipoteza laki moja kwenye kadi. Niliongeza 170,000, nikachukua 1650 baada ya kuipima nusu saa nikiwa nimesimama. Ile pawa saplai ipo chini ya kitanda, kama kuna anayeihitaji.

Sisemi kila mtu anunue 1650. Kama unaishi peke yako, unalipa luku yako, una pawa saplai ya maana na muda wa kupima, nunua RX 580 na ufurahie fremu zako. Ninachosema ni kwamba mtu akikuuliza achukue kadi gani, usianze na fremu. Muulize kompyuta ni ya aina gani na pawa saplai ni ya wati ngapi. Muulize ni nani mwingine anayeitumia, na kwa kazi gani. Muulize nyumba yao ipo kwenye kundi gani la luku, na wanatumia uniti ngapi. Kama hajui, mwambie akamuulize anayenunua umeme. Ndipo umtajie jina la kadi.

Mwezi wa Mei tulimaliza na uniti 71. Mama hakusema kitu, na kwa mama hiyo ni sifa. Jana usiku nilitaka kucheza, nikakuta kompyuta inafanya kazi, paka yupo kwenye picha ya 163 kati ya 240, anaruka ukuta. Nikaenda kulala.